Nani Atawazika Wadeisti?

Jumapili ya Pasaka, tarehe 7 Aprili 1776, Mwelisi mmoja aliyekuwa ameacha uchungaji, David Williams, alifungua nyumba ya ibada katika mtaa wa Margaret, jijini London. Humo hapakuhubiriwa ufufuko. Hapakutajwa Utatu, wala muujiza, wala kitabu kilichoshushwa kutoka mbinguni. Waliohudhuria walisimama, wakaketi na kuitikia sala zilizochapwa kama wafanyavyo Waanglikana, ila sala zenyewe zilimsifu Muumba kwa kazi zake zinazoonekana na kwa dhamiri aliyomtilia mwanadamu. Hata mimi nisiyependa ugomvi naona kwamba kuchagua Pasaka, kati ya siku zote za mwaka, ulikuwa uchokozi.

Sala hizo zilitokana na mazungumzo ya kundi la marafiki. Mmoja wao alikuwa Benjamin Franklin, aliyewahi kukimbilia nyumbani kwa Williams mwaka 1774 alipoandamwa na wakubwa wa Uingereza. Imani waliyoshiriki haikuwa mpya. Mwaka 1624 mwanadiplomasia wa Kiingereza, Edward Herbert, alichapisha Paris kitabu cha Kilatini kilichoiweka katika mambo matano: Mungu yupo; anastahili kuabudiwa; ibada iliyo bora ni wema; aliyekosa na atubu; na kila mtu atalipwa kwa matendo yake. Yaliyozidi hapo, kwa maoni yao, yaliongezwa na makuhani. Waliofuata njia hiyo waliitwa wadeisti, na jina hilo likawa tusi vinywani mwa wahubiri wa Uingereza.

Niseme mapema ninasoma habari hizi nikiwa nimekaa wapi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, na kwa miaka mingi nimekuwa mhazini wa kikundi cha kufa na kuzikana hapa Moshi. Ni mama Mlutheri, na mambo ya teolojia nawaachia wenye nayo. Ninachotafuta mimi ni nani alikusanya michango, nani alitunza daftari, na mwenzao alipofariki nani alikwenda kununua jeneza. Ukiisoma kwa jicho hilo, historia ya wadeisti inakuwa tofauti na wanavyoisimulia wenyewe. Wao husema walizimwa na wafalme na maaskofu, na kuna ukweli ndani yake. Lakini nyumba ya mtaa wa Margaret haikufungwa na mfalme. Ilidumu kama miaka minne, wafadhili wakachoka, michango ikapungua, mlango ukafungwa.

Williams mwenyewe hakukata tamaa, na hapa ndipo ninapompenda. Mwaka 1787 mzee mmoja aliyeitwa Floyer Sydenham, mtu aliyetumia maisha yake kumtafsiri Plato kwa Kiingereza, alikufa maskini akiwa anadaiwa. Williams aliumia sana. Mwaka 1790 yeye na wenzake wakaanzisha mfuko wa kuwasaidia waandishi waliokwama, wajane wao na watoto wao. Mshairi Coleridge alipata msaada humo akiwa bado kijana. Mfuko huo upo hadi leo, unaitwa Royal Literary Fund, na bado unawalipa waandishi wenye shida. Kitu chenye sala hakikumaliza miaka mitano, na kitu chenye sanduku la fedha kimepita miaka mia mbili, vyote viwili kazi ya mtu mmoja. Kila nikifikiria hilo nafungua tena katiba ya kikundi chetu na kusoma kifungu cha mfuko wa dharura.

Paris walijaribu kwa njia nyingine, nayo nitaipitia haraka kwa sababu ni habari ya serikali kuliko ya watu. Tarehe 15 Januari 1797, katika shule ya vipofu ya Valentin Haüy, kundi lililojiita Wateofilantropi, yaani wampendao Mungu na wanadamu, lilifanya ibada yake ya kwanza. Mwongozo wao uliandikwa na muuza vitabu, Jean-Baptiste Chemin. Hawakuwa na padri. Msomaji alisimama mbele ya madhabahu yenye kikapu cha maua au matunda, kadiri ya majira, akasoma mafundisho ya maadili. Mmoja wa watawala watano wa Ufaransa wa wakati huo, La Révellière-Lépeaux, aliwaunga mkono, wakagawiwa makanisa makubwa, Notre-Dame likiwemo, wakipishana saa na Wakatoliki. Kilichotolewa na serikali kikachukuliwa na serikali. Napoleon alihitaji amani na Papa, na Oktoba 1801 wakakatazwa kutumia majengo ya taifa. Hawakuwa wamejenga hata kibanda chao wenyewe.

Aliyenigusa zaidi ni Elihu Palmer wa New York. Alizaliwa Connecticut mwaka 1764, akasoma chuo cha Dartmouth, akawa mchungaji wa Kipresbiteri. Mahubiri yake yaliwatia shaka wasikilizaji. Akahamia kwa Wabaptisti wa Philadelphia, nako mambo yakawa yale yale. Mwaka 1791 alipotangaza kwamba atahubiri dhidi ya uungu wa Yesu, watu walichachamaa hadi akaondoka mjini. Akasomea sheria, akarudi Philadelphia kuanza kazi ya uwakili mwaka 1793, mwaka ule ule homa ya manjano ilipouvamia mji huo. Mke wake alikufa. Palmer alipona, lakini ugonjwa ulimwacha kipofu.

Mtu mwingine angeishia hapo. Palmer alikwenda New York, na kuanzia katikati ya miaka ya 1790 akawa roho ya chama cha wadeisti cha mji huo. Jumapili jioni alihutubia ukumbini, bila karatasi kwa kuwa karatasi isingemfaa kitu, na waliomsikia walisema sauti yake ilijaza chumba chote. Alisafiri kwenda miji mingine kuhutubia. Mwaka 1801 alitoa kitabu chake, Principles of Nature. Chama kilikuwa na gazeti, The Temple of Reason, lililoanzishwa Novemba 1800 na mhamiaji kutoka Ireland, Denis Driscol. Gazeti lilihamia Philadelphia, likafa mwaka 1803. Desemba mwaka huo Palmer akaanzisha jingine, Prospect, lililotoka kila wiki. Machi 1805 nalo likasimama.

Chama hicho kilikuwa na kanuni zilizoandikwa vizuri, kuhusu Mungu mmoja, kuhusu wema na kuhusu haki ya kila mtu kufikiri. Ukitafuta humo nani atakaa na mgonjwa hupati. Waliohudhuria walikuwa mafundi, wahamiaji, watu waliochoka kuambiwa kwamba watoto wao wanazaliwa na dhambi. Walikuja, walisikiliza, walipiga makofi, walirudi nyumbani. Aprili 1806 Palmer alipatwa na ugonjwa wa mapafu akiwa safarini Philadelphia, akafa akiwa na miaka 41. Chama kilikuwa yeye, na alipoondoka kikaondoka naye. Mjane wake, Mary, alibaki na umaskini. Kabla mwaka haujaisha tunamkuta akifanya kazi ya kumuuguza mzee mmoja aliyeanguka kwa kiharusi, mdeisti kuliko wadeisti wote, Thomas Paine.

Paine anajulikana kwa watoto wetu wa sekondari, au angalau alijulikana nilipokuwa nafundisha, kwa kijitabu chake cha 1776 kilichowashawishi Wamarekani kuachana na mfalme. Kitabu kilichomharibia jina ni The Age of Reason. Sehemu ya kwanza aliikamilisha Paris mwishoni mwa 1793, siku zile mapinduzi yalipokuwa yakiwala wanamapinduzi wenyewe. Walipokuja kumkamata alimpa rafiki yake Joel Barlow ile miswada, kisha akaenda gereza la Luxembourg, akakaa humo zaidi ya miezi kumi. Kinachosahauliwa ni kwamba aliandika kitabu hicho kuwazuia Wafaransa wasimkane Mungu kabisa. Alisema waziwazi kwamba anamwamini Mungu mmoja na anatumaini maisha baada ya haya. Lakini aliposhambulia Biblia, wasomaji wengi walisahau ile sehemu ya kumwamini Mungu. Walimwita mkanamungu, na jina hilo likamganda.

Aliporudi Marekani mwaka 1802 alikuta milango mingi imefungwa. Jefferson, Rais, alimkaribisha, na Jefferson naye alikuwa na imani kama hiyo, ila aliificha kabatini. Uzeeni alikata kwa wembe mistari ya Injili isiyo na miujiza, akaibandika kuwa kitabu cha kusoma peke yake. Ni mtu aliyeweza kumkatia Yesu miujiza asiweze kuwaachia huru watumwa wake, na hapo naomba nisiendelee. Paine hakuwa na kabati. Mwaka 1806, New Rochelle, mji wenye shamba alilopewa na jimbo la New York kwa kazi yake ya mapinduzi, wasimamizi wa uchaguzi walimkatalia kupiga kura wakidai si raia.

Januari 1809 aliandika wosia, na wosia huo nimeusoma kwa makini ya kazi yangu. Ni wosia wa mtu aliyejua kwamba hana kikundi. Aliomba azikwe makaburi ya dhehebu la Waquaker, kwa kuwa baba yake alikuwa mmoja wao. Wakikataa, azikwe shambani kwake. Akaeleza vipimo: kiwanja cha mraba cha futi 12, miti ipandwe kuzunguka, ukuta wa mawe, na jiwe lenye jina lake na umri wake. Akamwachia mjane wa Palmer dola 100. Sehemu kubwa ya mali akamwachia Marguerite Bonneville na wanawe. Huyu alikuwa mke wa mchapishaji wa Paris aliyempa Paine chumba kwa miaka mitano, naye akamfuata Marekani akiwa na watoto mumewe alipobanwa na polisi wa Napoleon.

Paine alikufa Greenwich Village asubuhi ya tarehe 8 Juni 1809. Mquaker mmoja, Willett Hicks, alikuwa amewaombea wenzake wakubali kumzika, wakakataa. Basi maiti ikapakiwa kwenye gari la farasi hadi New Rochelle, mwendo wa kilomita zaidi ya thelathini. Waliofika kaburini walikuwa wachache sana: Bi Bonneville, wanawe, Hicks, na masimulizi yanawataja pia wanaume wawili weusi ambao hakuna aliyejisumbua kuandika majina yao. Hapakuwa na wa kusema neno. Bi Bonneville ndiye aliyelitafuta: alisimama upande mmoja wa kaburi, akamwambia mwanawe Benjamin asimame upande wa pili awe shahidi wa shukrani ya Marekani, yeye akiwa shahidi wa Ufaransa. Kisha udongo ukarudishwa.

Waandishi wengi huisimulia habari hii kama aibu kubwa, mtu mashuhuri kuzikwa shambani. Hapo mimi sikubaliani nao. Kwetu Marangu kuzikwa kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, ndiyo heshima yenyewe. Anayepelekwa makaburi ya mjini ndiye tunayemwonea huruma. Tatizo la Paine halikuwa shamba. Tatizo ni kwamba kihamba kinahitaji watu watakaoamka kesho yake wakalipita kaburi wakienda kukata majani ya ng'ombe. Shamba lake halikuwa na ukoo.

Ndiyo maana miaka kumi baadaye mtu aliweza kuja na jembe. William Cobbett, mwandishi wa Kiingereza aliyemtukana Paine kwa miaka mingi kisha akageuka kuwa mpenzi wake, alifika mwaka 1819 na wenzake, wakayafukua mabaki, na Novemba akashuka nayo Liverpool. Alikusudia kuchangisha fedha Waingereza wamjengee Paine kaburi la fahari. Mchango haukujaa. Sanduku likabaki nyumbani kwa Cobbett hadi alipokufa mwaka 1835, akiacha madeni. Mali zake zilipopigwa hesabu, mahakama ilikataa kuihesabu mifupa kuwa mali. Tangu hapo ikapita mikono kwa mikono, na leo hakuna anayeweza kuonyesha ilipo. Nimekuwa mhazini wa mazishi miaka mingi na sijawahi kusikia mchango wa jeneza ulioshindwa kwa kiasi hicho.

Mwezi huo huo wa Novemba 1819, London, muuza vitabu Richard Carlile alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu na faini ya pauni 1,500. Kosa lake lilikuwa kuchapisha The Age of Reason na kile kitabu cha Palmer. Alikataa kulipa faini, kwa hiyo akakaa gereza la Dorchester miaka sita. Mbele ya baraza la mahakama alikisoma kitabu cha Paine mwanzo hadi mwisho ili kiingie katika kumbukumbu za kesi, kisha kumbukumbu hizo zikauzwa kwa bei nafuu. Mkewe Jane alishika duka, akafungwa. Dada yake Mary Anne akashika, akafungwa. Wakaja watu wa kujitolea, wakafungwa mmoja baada ya mwingine. Mwishowe duka likawekewa kifaa kama uso wa saa wenye majina ya vitabu: mnunuzi anazungusha mshale hadi kwenye jina analotaka, anatumbukiza fedha, kitabu kinashuka, asimwone aliyekiuza. Shahidi hawezi kumtaja mtu asiyemwona.

Hawa akina Carlile nawavulia kilemba. Wale waliopokezana duka, kila mmoja akijua kitakachompata, walikuwa kikundi hasa, wenye kutunza zamu na kuchangia walio ndani. Ila ni jambo la ajabu kwamba kufikia wakati huo Carlile mwenyewe alikuwa anauacha udeisti. Gerezani alimaliza kwa kusema hakuna Mungu. Waliobaki walikuwa wameunganishwa na uhuru wa kuchapa, si na Muumba. Karne ya 19 ikaendelea hivyo, na aliyeacha kanisa akaelekea kwa Waunitaria, wasioamini Utatu, au kwa wakanamungu. Wachache wa New York walisherehekea kila mwaka siku ya kuzaliwa kwa Paine kwa chakula na hotuba, na mwaka 1839 wakasimamisha mnara New Rochelle, karibu na lilipokuwa kaburi lisilo na mtu.

Mwaka 1993 Mmarekani Robert L. Johnson alianzisha World Union of Deists, umoja wa wadeisti wa dunia. Mwanzoni ulikuwa kazi ya makaratasi: matoleo, vijitabu, barua. Intaneti ilipoenea ukapata sauti ambayo Palmer asingeiota. Kauli yake kuu ni kwamba Mungu alitupa akili, hakutupa dini, na Paine ndiye mzee wa boma. Maandishi yake yanasambazwa na kunukuliwa kuliko ya mtu mwingine yeyote. Mwaka 2009 Johnson alitoa kitabu chake mwenyewe kuhusu imani hiyo. Hakuna makasisi, hakuna sadaka ya Jumapili. Walipata furaha mwaka 2004 mwanafalsafa wa Kiingereza Antony Flew, aliyetetea ukanamungu kwa nusu karne, aliposema akiwa na zaidi ya miaka 80 kwamba sasa anakubali kuna Mungu wa namna ya wadeisti. Flew hakuamini maisha baada ya kifo hata hivyo, na alifariki mwaka 2010.

Haya yote nisingeyafuatilia kama si mwanachama wetu mmoja, mpima ardhi mstaafu. Alipojiunga, kwenye fomu penye nafasi ya "dini na dhehebu", aliandika "Mungu mmoja", akaacha dhehebu wazi. Katibu alidhani ni Mwislamu. Nilipomuuliza alinionyesha kwenye simu yake maandishi ya umoja huo, akaniambia, "Mwalimu, mimi sijamkataa Mungu. Nimepima ardhi miaka thelathini na tano, najua kazi ya Mpimaji nikiiona."

Nikamwambia, "Sawa kaka, lakini hao wenzako wa Marekani wakisikia umefariki, nani atakuja kufunga turubai?"

Alicheka sana. "Kwani nalipa ada kwenu kwa nini?"

Ana haki, na ada yake haijawahi kuchelewa. Katiba yetu inasema mazishi yatafuata taratibu za dini ya marehemu, na kwa wengine wote hilo halina shida: tunampigia mchungaji, paroko au shehe, anakuja na kitabu chake, sisi tunashughulika na viti, maji, wali na gari. Kwa huyu sina wa kumpigia. Palmer alikuwa na ukumbi, Paine alikuwa na mwanamke mmoja mwenye akili ya haraka, na umoja wa Johnson una anwani. Nilimtaka aandike jina la mtu. Anasema atafikiria, na ana sukari na miaka sabini na kitu, kwa hiyo sipendi hilo neno atafikiria.

Mkutano mkuu ni Januari. Nimeandika pendekezo kwamba kwenye fomu pale penye "dhehebu" pafutwe, paandikwe "nani atazungumza kaburini, na namba yake ya simu". Mwenyekiti ameshaniambia atapinga, kwa hoja kwamba tutaanza kuletewa wajomba walevi. Nimemjibu kwamba wajomba walevi wanakuja hata sasa, tena bila namba.